Mtoto huchekwa kwa 'second-hand', nani huchekwa kwa Kisauni?

KATIKA shule moja ya msingi huko Likoni, nilikoalikwa kuwaeleza wanafunzi kazi ya gazeti, nilishuhudia jambo lililonikaa rohoni. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa akiwafundisha watoto wa gredi ya nne kugawa maneno katika silabi kwa kupiga makofi. Neno la siku hiyo lilikuwa 'second-hand', kivumishi ambacho watoto wa ng'ambo ya kivuko wanakijua vyema, maana wengi wao huvishwa nguo za mitumba.

Mvulana mmoja alisimama akapiga makofi matano: se-ke-ni-he-ndi. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu alimweleza kwa upole kwamba silabi za neno hilo ni tatu tu, lakini mtoto alikuwa keshaketi na kuinamisha kichwa. Hakuinua mkono tena hadi kengele ilipolia.

Jioni iyo hiyo nilikuwa nikitazama taarifa ya habari kwenye runinga. Msomaji wa habari alifikia tukio la Kisauni, akalitamka jina hilo kwa silabi tatu: Ki-sau-ni, ile 'sau' ya katikati akiikunja kwa pumzi moja kana kwamba anasoma neno la Kiingereza. Sikusikia mtu akicheka. Sidhani kwamba yupo aliyempigia simu.

Makosa hayo mawili ni ndugu wa toka nitoke. Mtoto alichukua kanuni za Kiswahili akazipeleka kwenye neno la Kiingereza. Msomaji wa habari alichukua kanuni za Kiingereza akazipeleka kwenye jina la Kiswahili. Tofauti ni moja tu, kwamba kosa la kwanza lilichekwa na la pili likapita kama halikuwapo. Makala haya yanakusudia kueleza kosa lenyewe kwa pande zote mbili, na kwa nini haifai tulipime kwa mizani mbili.

Silabi ni nini?

Silabi ni kipande cha neno kinachotamkwa kwa mpigo mmoja wa sauti. Kila silabi huwa na kilele chake, na aghalabu kilele hicho ni irabu, yaani mojawapo ya sauti a, e, i, o na u. Konsonanti huizunguka irabu hiyo, mbele au nyuma.

Silabi inayoishia kwa irabu huitwa silabi wazi, kama 'ba' na 'ko'. Ile inayoishia kwa konsonanti huitwa silabi funge, kama 'lab' katika neno 'labda'. Tofauti hii ndogo ndiyo chanzo cha yote tutakayoyaeleza, kwa sababu Kiswahili hupenda mno silabi wazi, ilhali Kiingereza hakioni vibaya kufunga silabi kwa konsonanti moja, mbili, hata tatu.

Tulitazame sasa lile neno lililomponza mtoto wa Likoni. 'Second-hand' ni kivumishi ambatani, maana kimeundwa kwa maneno mawili, 'second' lenye maana ya pili na 'hand' lenye maana ya mkono, yakafungwa pamoja kwa kistari. Kamusi za Kiingereza hukigawa hivi: sec-ond-hand. Silabi zote tatu ni funge. Ya kwanza imefungwa kwa sauti ya 'k', ya pili kwa 'nd', na ya tatu kwa 'nd' vilevile.

Isitoshe, irabu zake hazina uzito sawa. Ile 'o' ya 'second' haisikiki kama 'o' ya Kiswahili hata kidogo. Hufifia ikawa sauti dhaifu isiyo na makao katika alfabeti yetu, karibu na 'e' iliyomezwa. Fauka ya hayo, Waingereza wenyewe wanapoongea kwa haraka huiangusha ile 'd' ya katikati, kwa kuwa 'h' inaifuata na ulimi hauoni faida ya kuhangaika. Kwa hivyo, kinachoandikwa kwa herufi kumi na kistari husikika kama vipande vitatu vifupi, kimoja kati yake kikiwa kivuli tu.

Mkazo unaohama

Kuna jambo jingine ambalo ni wanafunzi wachache wanaoambiwa darasani. Katika vivumishi ambatani vya namna hii, mkazo huhama kulingana na mahali kivumishi kilipokaa katika sentensi.

Mwingereza akisema kwamba gari fulani ni 'second-hand', na kivumishi kikawa mwishoni mwa sentensi, mkazo mkuu huangukia 'hand'. Akisema 'a second-hand car', mkazo hurudi nyuma na kukikalia 'second'. Sababu ni kwamba neno 'car' lina mkazo wake mzito, na Kiingereza hakipendi mikazo miwili mizito igongane bega kwa bega. Hali ni hiyo hiyo kwa 'well-known', na kwa vivumishi vingine vingi vya ukoo huo. Hata hivyo, vipo visivyohamisha mkazo, mathalani 'homesick', ambacho huwa na mkazo mwanzoni daima.

Mtego mwingine umo katika kiambishi '-ed' kinachomalizia vivumishi ambatani vingi. Mwanafunzi akiona 'well-dressed' hudhani kuna silabi tatu, kwa kuwa anaiona 'e' ya mwisho. La hasha. Silabi ni mbili tu, maana ile 'e' haitamkwi. Lakini 'left-handed' ina silabi tatu, na hapo 'e' hutamkwa. Kanuni ni kwamba '-ed' hujitengenezea silabi yake pindi inapotanguliwa na sauti ya 't' au 'd'. Kwingineko, aghalabu hunyamaza. Vighairi vipo, kama 'naked' na 'wicked', navyo havina budi kujifunzwa kimoja kimoja.

Msomaji ataona kwamba Kiingereza si lugha inayosomeka kwa kutazama herufi tu. Ni lazima usikie kwanza, ndipo ujue. Mtoto ambaye hajawahi kulisikia neno kutoka kwa mwenye lugha hana pa kulishikia isipokuwa maandishi, na maandishi hayo humdanganya.

Mtoto hakubahatisha

Turudi kwa makofi matano. Je, mtoto yule alikuwa akibahatisha? Hapana. Alifuata kanuni, tena kwa uaminifu mkubwa.

Kiswahili kinapopokea neno la kigeni lenye mrundikano wa konsonanti, aghalabu hulifungua kwa kuchomeka irabu na kulimalizia kwa irabu. Ndivyo 'club' ilivyokuwa kilabu, 'brush' ikawa burashi, 'screw' ikawa sukurubu, 'driver' ikawa dereva na 'card' ikawa kadi. Hakuna anayemcheka fundi wa Changamwe anapoagiza sukurubu yenye silabi nne, ilhali neno lililozaa sukurubu lina silabi moja tu.

Basi mtoto alipoikuta 'second-hand', alifanya alichofanya babu yake. Baada ya 'k' aliendelea na irabu, baada ya 'n' akachomeka 'i', ile 'd' ya katikati akaiacha kama Waingereza wenyewe wanavyoiacha, na mwishoni akatia 'i' ili neno lisibaki mdomo wazi. Kisha ile 'nd' ya mwisho akaipeleka kwenye irabu iliyoifuata, akapata he-ndi wala si hend-i. Kila hatua ilikuwa sahihi kwa mujibu wa Kiswahili. Kosa lake lilikuwa moja, kwamba aliulizwa swali la lugha moja akajibu kwa kanuni za nyingine.

Mwalimu anayelitambua hili ana la kumwambia mtoto zaidi ya 'umekosea'. Anaweza kumwambia kwamba makofi matano ni sahihi kwa neno likishavaa kanzu ya Kiswahili, na matatu ni sahihi likiwa bado katika nguo zake za Kiingereza. Mtoto huyo atarudi kitini akiwa amejifunza lugha mbili badala ya kupoteza moja.

Jambo hili si dogo. Chini ya sera ya elimu ya Kenya, kuanzia gredi ya nne masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto anayeinamisha kichwa katika gredi hiyo kwa sababu ya silabi anaweza kukiinamisha pia katika hisabati na sayansi, kwa kuogopa tu kufungua kinywa.

Majina ya bara ya Mombasa

Sasa tuvuke upande wa pili, tuitazame lugha yetu inavyotendewa. Mtu akitoka kisiwani Mombasa kwa kivuko huingia Likoni, kwa daraja la Nyali huelekea Kongowea na Kisauni, na kwa barabara ya Makupa hufika Changamwe. Majina haya yote yana silabi zinazohesabika bila shaka yoyote, maana Kiswahili kina kanuni chache zinazoweza kuandikwa nyuma ya tikiti ya matatu.

Kanuni ya kwanza ni kwamba kila irabu inayoandikwa hutamkwa, na kila moja ni silabi. Irabu mbili zikifuatana hazimezani. Kwa hivyo, Kisauni ni Ki-sa-u-ni, silabi nne, na mkazo umekaa juu ya 'u'. Kongowea ni Ko-ngo-we-a, nne vilevile. Mtaa wa Chaani ulioko Changamwe ni Cha-a-ni, silabi tatu, wala si Cha-ni.

Ya pili ni kwamba konsonanti huandamana na irabu inayoifuata, si ile iliyoitangulia. Likoni ni Li-ko-ni, Miritini ni Mi-ri-ti-ni. Herufi mbili zinazowakilisha sauti moja, kama ch, sh, dh na ny, hazitenganishwi kamwe. Nyali ni Nya-li, silabi mbili, si Ni-ya-li kama wafanyavyo baadhi ya wageni.

Ya tatu ni kwamba 'w' na 'y' zikitanguliwa na konsonanti hubebwa pamoja nayo. Changamwe huishia kwa 'mwe', silabi moja, wala si 'mu-we'.

Ya nne, na ndiyo inayowatatiza wengi, ni kwamba miungano ya mb, nd, nj, ng na nz yote huenda kwenye irabu ya mbele. Kwa hivyo, ni Cha-nga-mwe wala si Chang-a-mwe. Ni Ba-mbu-ri wala si Bam-bu-ri. Ni Mi-ki-nda-ni wala si Mi-kin-da-ni. Hata Mombasa yenyewe ni Mo-mba-sa. Mzungu husema Mom-, akafunga silabi ya kwanza kwa 'm', kwa kuwa lugha yake haimruhusu kuanza silabi kwa 'mb'. Hatumlaumu, lakini hatuna sababu ya kumwiga.

Ya tano inahusu 'm' inayojitegemea. Katika Mtongwe, Mtopanga na Mshomoroni, 'm' ya mwanzo ni silabi kamili ingawa haina irabu, kwa kuwa zamani ilikuwa 'mu'. Mtongwe ni M-to-ngwe, silabi tatu. Mshomoroni ni M-sho-mo-ro-ni, silabi tano.

Hapa ndipo penye pambo la lugha hii. Neno 'mbuni' likiwa na maana ya ndege yule mkubwa asiyeruka lina silabi mbili, mbu-ni. Likiwa na maana ya mtu anayebuni lina silabi tatu, m-bu-ni. Maandishi ni yale yale, silabi ni tofauti, na maana zimeachana kabisa. Anayesema kwamba silabi za Kiswahili ni jambo la watoto wa chekechea na alifikirie hilo.

Ya sita na ya mwisho ni ya maneno yaliyokuja na silabi funge na kudumu nazo, hasa yale ya asili ya Kiarabu. Tunasema lab-da, mak-ta-ba, daf-ta-ri. Hayo yamekubalika, ingawa ni machache yakilinganishwa na mengine.

Mkazo haubahatishwi

Mkazo wa Kiswahili, tofauti na ule wa 'second-hand', haubabaishi. Kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Neno likirefushwa, mkazo husogea nalo.

Likoni ni mfano mzuri. Neno 'liko' ni mahali vyombo vinapofikia pwani, na mkazo wake uko kwenye 'li'. Tukiongeza '-ni' ya mahali tunapata Likoni, na mkazo umesogea hadi 'ko'. Anayetia mkazo mwanzoni mwa Likoni amelitamka jina kwa namna ambayo hakuna mzaliwa wa huko angeitamka.

Hali kadhalika ni Kengeleni, upande wa Kisauni na Nyali. Mnamo 1875 wamishonari wa Church Missionary Society walianzisha huko makao ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Makao hayo yaliitwa Freretown kwa heshima ya Sir Bartle Frere, Mwingereza aliyefanya mazungumzo na Sultani Barghash wa Zanzibar, yakazaa mkataba wa 1873 wa kufunga soko la watumwa. Inasimuliwa kwamba kengele iliyowekwa hapo ilikuwa ya kuwaonya wakazi dhidi ya majahazi ya watumwa.

Jina la Freretown ni ambatani la Kiingereza, silabi zake zimefungwa, na ile 'e' ya mwisho ya Frere haitamkwi. Wenyeji hawakuhangaika sana nalo. Waliitazama kengele, wakatia '-ni', wakapata Ke-nge-le-ni, silabi nne zote wazi, mkazo kwenye 'le'. Jina hilo lingali linatumika hadi leo.

Wageni wameanza zamani kuhangaika na silabi zetu. Johann Ludwig Krapf, mmishonari Mjerumani, alifika Mombasa mnamo 1844. Alipochapisha kitabu chake cha sarufi mnamo 1850 aliliandika jina la lugha yetu kwa 'ua' mahali tunapotia 'wa' leo. Wajerumani wangali wanaandika 'Suaheli'. Ukiyasoma maandishi hayo kwa kanuni za Kiswahili utapata su-a-he-li, silabi nne, ilhali mwenye lugha husema Swa-hi-li, silabi tatu. Herufi moja tu imeongeza pigo zima.

Mkutano uliofanyika Mombasa mnamo 1928 ndio uliochagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili Sanifu katika Afrika Mashariki. Wapo watu wa Mvita ambao hadi leo hawajaridhika kwamba Kimvita kiliachwa. Hata hivyo, katika suala hili la silabi hapana ugomvi. Mtu wa Unguja na mtu wa Jomvu watapiga makofi manne kwa Kisauni.

Kisa ambacho hakikuwa kisa

Huenda msomaji akajiuliza mhariri msanifu ana haja gani na haya yote. Jibu ni kwamba safu za gazeti ni nyembamba, na kila usiku maneno hukatwa mwishoni mwa mstari. Kukata neno ni kuamua mpaka wa silabi.

Miaka mingi iliyopita, katika chumba kimoja cha habari, tulitumia programu ya kupanga kurasa iliyofunzwa kukata maneno kwa Kiingereza. Asubuhi tulikuwa tukikuta 'Chang-amwe' na 'Kon-gowea' zimechapishwa bila haya. Nakumbuka siku moja jina Kisauni lilipokatwa vibaya, 'Kisa' ikabaki mwisho wa mstari na 'uni' ikaanza mstari uliofuata, tena kistari kimesahaulika. Mzee mmoja wa huko alinipigia simu akauliza, kwa ile adabu ya watu wa pwani inayokata kuliko kisu, kile kisa tulichoahidi kimeishia wapi. Sikuwa na jibu.

Programu hizo hazikuwa na ubaya kwa lugha yake. Mnamo 1983 Franklin Liang, aliyekuwa mwanafunzi wa Donald Knuth katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alieleza katika tasnifu yake ya uzamifu jinsi kompyuta inavyoweza kukata maneno ya Kiingereza. Alihitaji ruwaza za herufi zaidi ya 4,400, kwa sababu Kiingereza hakina kanuni fupi zinazotosha. Waingereza na Wamarekani wenyewe hawakubaliani. Kwa desturi, Mwingereza hukata 'know-ledge' akitazama asili ya neno, Mmarekani hukata 'knowl-edge' akisikiliza matamshi.

Kwa vivumishi ambatani, wahariri wa Kiingereza wana ushauri mmoja mwema: neno lenye kistari likatwe penye kistari hicho tu. 'Second-hand' ikatwe baada ya 'second', isiwe 'sec-' mwishoni mwa mstari na 'ond-hand' mwanzoni mwa mwingine. Vistari viwili katika neno moja humchanganya msomaji.

Nasi tungefaa kuwa na ushauri wetu. Kanuni sita nilizozitaja zinatosha kukata takriban neno lolote la Kiswahili, ila zinahitaji kuongezewa busara. Neno 'kukumbuka' ukilikata baada ya silabi mbili utabaki na 'kuku' mwishoni mwa mstari. Ni halali kwa silabi, lakini msomaji ataona ndege wa kufugwa kabla hajafika kwenye kumbukumbu. 'Kukubali' ina hatari hiyo hiyo. Hapo mhariri husogeza mpaka mbele au nyuma. Vilevile haifai kuacha herufi moja peke yake, kama 'm' ya Mtongwe, ingawa ni silabi halali.

Washairi hawajawahi kukosea hesabu hii. Katika shairi la arudhi la mizani 16, nane kwa kipande cha kwanza na nane kwa cha pili, Kisauni hugharimu mizani nne. Mshairi akihesabu tatu, mstari utachechemea na msikilizaji wa Mombasa ataujua kwa sikio kabla ya kuhesabu kwa vidole. Mji uliomlea Muyaka bin Haji, aliyefariki mnamo 1840, haukujifunza silabi kutoka vitabuni.

Neno na maana yake

Lipo funzo jingine katika 'second-hand'. Wapo wanaoikimbilia tafsiri ya moja kwa moja, wakaandika 'gari la mkono wa pili'. Maneno ni ya Kiswahili, lakini mawazo yamebaki ng'ambo. Sokoni Kongowea hakuna mama anayeuliza bei ya sketi ya mkono wa pili. Huuliza mitumba. Mtumba ni furushi la nguo lililofungwa, na kwa kuwa nguo hizo huja zimefungwa hivyo, jina la furushi likawa jina la nguo, kisha likawa sifa. Siku hizi husikika hata ikisemwa 'gari la mtumba', ijapokuwa hakuna aliyewahi kulifunga gari kwa kamba.

Tuna pia 'kuukuu' kwa kitu kilichochakaa, na 'lililotumika' kwa kile kilichopitia kwa mwingine ila kingali na nguvu. Hiyo ni tofauti ambayo 'second-hand' haiioneshi. Gari lililoteremshwa katika bandari ya Kilindini limetumika, lakini si lazima liwe kuukuu. Sheria ya Kenya hairuhusu gari lililozidi umri wa miaka minane kuingizwa nchini. Kiswahili, basi, hakihitaji kuvumilia kivumishi ambatani cha kukopa pale kilipo na maneno yake.

Heshima kwa pande mbili

Sisemi kwamba watoto wasifundishwe silabi za Kiingereza. Wafundishwe, tena vizuri, na waelezwe kwamba silabi funge si kosa bali ni desturi ya lugha ile. Wafundishwe kuisikia 'd' inayoanguka, irabu inayofifia na mkazo unaohama. Mtoto wa Likoni atakayeenda kuomba kazi mjini atahitaji Kiingereza kinachoeleweka.

Ninachosema ni kwamba juhudi hiyo ielekezwe pia upande wa pili. Vituo vya redio na runinga ambavyo huwasahihisha wasomaji wa habari kwa majina ya miji ya Ulaya viwasahihishe pia kwa Kisauni, Changamwe na Chaani. Mhariri anayelikagua jina la waziri wa kigeni mara tatu alikague jina la mtaa wa Mtongwe angalau mara moja. Changamwe ni jina la mojawapo ya zile Thelatha Taifa, pamoja na Kilindini na Tangana, kabla ya kuwa jina la kituo cha matatu. Kulikata jina hilo ovyo ni kulikata jina la watu.

Na walimu wangu wapendwa, mtoto akipiga makofi matano kwa 'second-hand', msiruhusu kicheko kiwe jibu. Mwambieni alichokifanya, kisha mwambieni apige makofi kwa jina la mtaa wake. Yule mvulana wa Likoni niliyemwona nilimwomba hivyo nilipokuwa nikiondoka, tukiwa wawili tu mlangoni. Nilimpa Kisauni, anakoishi shangazi yake. Alipiga manne, bila kusita.